Mwaka Niliojifunza Kulegeza

Mwezi uliopita nilikwenda Mlaleo kwenye hitima ya Mwalimu Nuru. Nilifika nimechelewa, kwa sababu magoti yangu siku hizi hayapendi ngazi, na nyumba yake iko ghorofa ya pili, tena ngazi zenyewe hazina pa kushika. Wanawake walikuwa wamejaa sebule nzima, mkeka juu ya mkeka, nikapata nafasi karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo ubani na bizari vilikutana. Mbele yangu walikaa kina mama wawili nisiowajua, wananong'onezana. "Ati alikuwa akiwalaza wanawake wenziwe chini, akiwakaba," mmoja alisema. Mwenziwe akamjibu, "Mieleka, bibi. Aliitoa Arabuni." "Na umri ule?" "Na umri ule." Kisha yule wa kwanza akanigeukia kunipa sahani ya pilau, akaniuliza kwa upole, "Na wewe mama, marehemu alikuwa nani wako?" Nikamwambia alinifundisha. "Chuoni? Kurani?" Mimi, niliyebatizwa kanisani na kukulia kwenye kwaya, nikatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa mdomo ulijaa wali, na kwa kuwa sikujua ningeanza wapi kumweleza. Njia nzima ya kurudi nyumbani niliurudia uwongo ule mdogo kichwani. Ndiyo maana nimeketi kuandika habari za mwaka ule, jinsi ulivyokuwa, nikianza na lile ambalo sijapenda kulisema mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilivunja mfupa wa mtu aliyekuja kwetu kupona. Nilifanya kazi katika nyumba ya kuwatibu wanawake waraibu wa unga, upande wa Mwakirunge, mahali ambapo vumbi la machimbo ya mawe huingia hata ndani ya chungu kilichofunikwa. Kabla ya hapo nilikuwa nikibeba mawe kwenye machimbo hayohayo, nikiyapakia malorini pamoja na wanaume, na hapakuwa na mwanamume aliyenishinda kubeba. Ndiyo sababu niliajiriwa. Bi Dama, matroni wetu, aliniangalia mabega siku ya kwanza, akasema, "Wewe Sidi ndiwe ninayekutafuta." Kazi yangu kwa jina ilikuwa kufua na kupanga vitanda, lakini kwa kweli ilikuwa kushika. Mgonjwa akifika siku ya pili, ya tatu, mwili unapodai unga na haupati, huja ile hali wenyewe wanaiita arosto: mifupa inawaka, tumbo linageuka, mtu anatapika, anatetemeka, anaona heri afe. Wengine hujigonga ukutani, wengine hukimbilia lango. Hapo ndipo nilipoitwa. Walinipa jina Tingatinga, na mimi nikalipenda. Nilidhani nguvu zangu ni zawadi ninayowapa.

Mariamu aliletwa na mamake, msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, mwembamba, kucha zimetafunwa, mcheshi hata katika maumivu. Siku ya kwanza alikula sima na mchicha vijiko vitatu akatuambia chakula chetu kinafanana na uso wa Bi Dama. Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, mlinzi alifungua lango kuingiza gari la maji, Mariamu akachomoka. Nje ya lango kulikuwa na barabara ya malori ya mawe, yanapita bila kupunguza mwendo. Nilimfikia hatua chache kabla ya lami. Nilimkumbatia kwa nyuma, mkono wangu ukapita juu ya bega lake, nikakaza. Alijipinda, nikakaza zaidi. Alikuwa akinipigapiga mkononi kwa kiganja, mimi nikaona anapigana nami, nikabana kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Nikasikia kitu kikilia ndani yake, sauti kavu, fupi. Mwili wote ukalegea mikononi mwangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayeshangaa, "Dada, umenivunja."

Ulikuwa mtulinga, mfupa ule wa chini ya shingo. Mamake alikuja kumchukua siku hiyohiyo, mkono umefungwa kwa leso. Nilisimama kando ya lango nikingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniangalia mikono, si uso, akaingia na mwanawe kwenye tuktuk. Hakuna aliyenishtaki wala kunifokea. Kila mtu alisema nimemwokoa na malori, na hilo ni kweli. Lakini tangu siku ile nilianza kuiogopa mikono yangu. Nilikuwa nikishika kikombe kwa vidole viwili. Kanisani, mama mmoja aliponipa mtoto wake nimshikie wakati wa kupokea sakramenti, nilimrudisha nikasema nina mafua. Nilipolala niliikunja mikono yangu chini ya tumbo langu mwenyewe. Na kazini, ndivyo wasiwasi ulivyo, nilipoitwa kushika mtu nilikuwa nikikaza kuliko zamani, kwa kuwa hofu haijui kufanya kingine. Bi Dama aliona alama za vidole vyangu kwenye mikono ya wagonjwa. Akaniita ofisini, akafunga mlango. "Kuna mwanamke Mlaleo anafundisha namna ya kumshika mtu bila kumuumiza. Utakwenda Jumanne na Alhamisi jioni. Ukikataa nitakupeleka jikoni, Sidi, maana siwezi kungoja mfupa wa pili."

Sikutegemea nilichokiona. Chumba kilikuwa nyumbani kwake, katika ghorofa isiyokwisha kujengwa, madirisha bado hayajatiwa vioo, sakafu imetandikwa vipande vya sponji vilivyoshonewa ndani ya turubai la buluu. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye nyonga nzito, amevaa joho nene la pamba lililofungwa kwa mkanda wa zambarau, na mtandio umebanwa kwa pini nyuma ya shingo. Wanafunzi walikuwa sita, wote wanawake. "Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Vua viatu. Ndiwe uliyevunja mtu?" Aliuliza jinsi mtu anavyouliza kama umekula. Nikasema ndimi. "Haya. Mchezo huu waitwa jujitsu, wa Kibrazili. Hapana ngumi, hapana teke. Ni kushikana tu. Na sharti ni moja. Ukibanwa ukaona huwezi, piga kwa kiganja. Nipige mimi, piga turubai, popote. Aliyepigiwa huachia papo hapo. Haulizi kwa nini."

Nilimwomba ruhusa nikaenda chooni. Nilikaa huko na mlango nimeufunga, maji yanadondoka ndani ya ndoo, na niliweza kukihisi kiganja cha Mariamu mkononi mwangu, kile kipigo chepesi cha harakaharaka pale barabarani. Msichana yule hakuwa amesoma mchezo wowote. Alikuwa tu mtu anayeumia, anayemwomba aliyemshika amwachie, na mwili wake ulilijua neno hilo bila kufundishwa. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kulisikia. Mwalimu alinigongea mlango. "Wewe wa Mwakirunge, choo ni kimoja na sisi tu wengi."

Jioni ile alilala chali, akaniambia nimkalie na nimzuie asiinuke. Nilimzidi kilo zisizopungua ishirini. Nilimkandamiza kwa kifua, nikazishika nguo zake hadi vifundo vya vidole vikauma, nikakaza na meno. Alikuwa amefumba macho nusu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Hakusukuma. Kila nilipokaza alikuwa tayari ameshahama, mahali pembeni kidogo pa pale nilipokaza. Haikufika dakika mbili nikaishiwa pumzi, mapaja yakaanza kutetemeka, na hapo ndipo alipofumbua macho, akanipindua ubavu, akanikaba kwa ukosi wa nguo yangu mwenyewe. Nikapiga kiganja. Aliachia kabla sijamaliza kupiga. "Wewe wabeba mawe," akasema, akinifuta jasho usoni kwa upindo wa mkono wake. "Mtu si jiwe. Jiwe ukiliachia laanguka. Mtu ukimwachia kidogo, yuakwambia yuataka kwenda wapi."

Nilidhani nimeelewa, kumbe bado. Wiki zilizofuata nilikuwa ama ubao ama kitambaa. Nikiambiwa nilegeze, nalala pale kama nguo iliyotoka kufuliwa, nakabwa, napiga kiganja, nakabwa tena. "Sikukwambia ufe," mwalimu alinifokea. "Nilikwambia ulegeze!" Nikihisi aibu, naanza tena kukaza. Katikati ya hali hizo mbili palikuwa na kitu ambacho wenzangu walikijua, na mimi nilikipapasa gizani. Aliyenisumbua zaidi ni Rukia, msusi wa nywele wa Mlaleo, mwepesi kama unyoya, ambaye kila nilipopangwa naye alikuwa akivuta pumzi ndefu kabla hatujashikana. Sikujua maana ya pumzi ile mpaka jioni moja nilipokuwa nikiosha miguu kwenye bomba la nje ya jikoni. Alikuwa ndani na mwalimu. "Mwalimu, tafadhali usinipe yule," alisema. "Yuanitisha. Vidole vyangu ndiyo kazi yangu. Akinivunja, wanangu watakula nini?" Nilingoja mwalimu anitetee. Alisema, "Nawe waogopa, naye yuaogopa. Mwaogopana. Nitamshika mimi mpaka hofu imtoke." Nilikwenda zangu bila kuaga. Alhamisi iliyofuata nilifika hadi mwanzo wa ngazi, nikageuka. Jumanne baada ya hiyo nilirudi, kwa kuwa kazini alikuwa ameletwa mgonjwa mpya, mwanamke mjamzito, na nilijua nitaitwa.

Baada ya mazoezi tulikuwa tukila pamoja kwenye mkeka wa sebule yake: mbaazi za nazi na mahamri, au viazi vya karai na ukwaju, chai ya tangawizi. Hapo ndipo aliposimulia alivyojifunza. Alikuwa ametumikia miaka tisa katika nyumba moja huko Abudhabi, nyumba yenye mabinti wawili. Jujitsu walifundishwa shuleni, na jioni walihitaji mtu wa kufanyia mazoezi. Wakamwita mtumishi. "Nilikuwa godoro lao," alisema, akicheka. "Nimepika, nimepiga deki, nimepiga pasi, kisha naambiwa Nuru, njoo ulale hapa. Siku za mwanzo nilikaza kwa hasira. Mmoja akaumia kidole, mamake karibu anirudishe Mombasa. Basi nikawa siwezi kuwaumiza, wala sitaki kuumia. Ikabaki nini? Kulegeza. Nilegeze nisikilize." Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Kwa ujinga wa ujana, na labda kwa maumivu ya yale ya Rukia, nikauliza, "Kwa hivyo mwalimu, unatufundisha kuwa watumishi? Mtu atulalie nasi tulegee?"

Rukia aliweka kikombe chini. Mwalimu aliinuka, akakusanya sahani moja moja, hata ambazo watu walikuwa bado wanakula, akaenda nazo jikoni, na tukasikia maji. Tuliondoka. Siku tano nilizunguka na neno lile. Nilifua mashuka yaliyokwisha kufuliwa. Nilimweleza Bi Dama, naye akasema, "Sidi, hata mdomo wako hauna breki." Nilipofika Jumanne nilimkuta mwalimu peke yake, ameketi kwenye turubai. Nikaanza kuomba radhi, akanipungia mkono nikae. "Swali lako lilikuwa la kweli, ndiyo maana liliniuma," alisema. "Nimelala nalo. Sikiza. Nilipokuwa nikikaza, nilijifikiria mimi tu: nitaumia, nitaaibika, nitafukuzwa. Sikumuona msichana aliye mbele yangu. Nilipolegeza nikaanza kumsikia. Yuavuta pumzi, basi ataruka. Mkono wake wa kulia mzito, basi yuachoka. Wao walidhani wanichezea, na mimi nilikuwa nawasoma. Miaka ile yote nikawaacha wanishinde, kwa kuwa ndiyo kazi. Siku ya kuondoka, tiketi i mkononi, binti mkubwa akaniambia Nuru, tushikane mara ya mwisho. Nikamlaza akapiga kiganja. Tukarudia, akapiga. Tukarudia. Mara tatu. Sikumuumiza hata ukucha. Akakaa akilia, akaniuliza, ulikuwa waweza tangu lini?" Alininyooshea mkono nimwinue. "Mtumishi ni asiyekuwa na la kuchagua, Sidi. Mimi nilikuwa nikichagua. Nawe huchagui. Hofu yako ndiyo yakuchagulia. Haya, njoo."

Kuanzia jioni ile alibuni njia yake ya kunifundisha. Tulipokuwa tumeshikana alinilazimisha kuzungumza. "Nipikie wali wa nazi," anasema, amenikalia kifuani. Nami naanza: unakuna nazi, unachuja tui la kwanza, unaliweka kando... Sauti ikinitetemeka, ananiambia, "Wakaza. Anza upya." Nilikuna nazi mamia kwa mdomo mwaka ule. Nilikuna hadi pumzi zikaanza kupita puani zenyewe, hadi nikaweza kufika kwenye chumvi huku mkono wa mtu uko shingoni mwangu. Na siku moja, bila mimi kuamua, nilihisi nyonga ya mwalimu inataka kwenda kushoto kabla haijaenda, nikaenda nayo. Hakunisifu. Aliita tu, "Rukia! Njoo umshike Sidi." Rukia alivuta ile pumzi yake ndefu. Nilimshika vifundo vya mikono jinsi unavyoshika chandarua, nikamfuata kila alikogeukia, sikumwacha aende wala sikumbana, dakika tano. Mwishoni aliangalia vidole vyake, akavikunja, akavikunjua. "Kumbe u mtu," akasema. Nilicheka huku machozi yananitoka, naye akachekea kwenye bega langu.

Sitaki msomaji afikiri kwamba hapo wasiwasi uliniisha. Turubai la Mlaleo ni laini, na anayekushika humo anakutakia mema. Mwezi wa kumi na moja Mariamu alirudishwa. Alikuwa amekonda zaidi, jino moja la mbele halipo. Aliponiona uani nikianika mashuka alirudi nyuma hatua mbili, akamwambia Bi Dama, sauti ya kawaida kabisa, "Nitakaa. Lakini yule asinikaribie." Bi Dama akakubali, na mimi nikakubali. Siku mbili nilipita upande wa pili wa ua. Nilikula jikoni, nimesimama. Siku ya tatu, adhuhuri, Bi Dama alikuwa amempeleka mgonjwa mwingine hospitali na wenzangu walikuwa wanagawa chakula, nikasikia mgongano kutoka chumba cha kufulia. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Niliujua mlio huo. Nilisimama mlangoni. Mariamu alikuwa amepiga magoti akijigonga paji la uso kwenye ukuta wa mawe, na damu ilikuwa imeshafika kwenye nyusi.

Ningeweza kukimbia kumwita mtu. Nilifikiria hilo, wakati mgongano wa nne ukipita. Nikaketi sakafuni nyuma yake, kwenye maji ya sabuni, nikapitisha mikono, nikamvuta mgongo wake kwenye kifua changu, miguu yangu nikaizungushia mapaja yake. Alilipuka. Alirusha kichwa nyuma kikanipata mdomoni. Kila kitu ndani yangu kilisema kaza. Mikono ilikuwa tayari imeanza. Na chini ya mkono wangu wa kulia, juu kidogo ya kifua chake, nilihisi kinundu cha mfupa ulioungana vibaya. Nilikuwa nimeushika mfupa wangu, ule niliouvunja. Nikatoa pumzi. Nikaacha aende kushoto, nikaenda naye. Akajitupa kulia, nikaenda naye. Tuliteleza kwenye maji yale tukageuka karibu chumba kizima, mimi nikiwa tu kati yake na ukuta. Sijui ilichukua muda gani. Sala zilianza na kwisha kwenye msikiti wa jirani. Niliogopa wakati wote. Sikuwa mtulivu, nilikuwa nimelegeza tu, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kisha kiganja chake kikanigonga mkononi. Kikagonga tena. Nikaachia. Nilifungua mikono yote miwili nikaiweka wazi hewani, na ukuta ulikuwa pale, hatua moja kutoka kichwani pake. Alitambaa hadi ukutani akaegemea paji la uso, bila kugonga. Nilihesabu pumzi zake. Mgongo ulikuwa ukitetemeka wote. Hakugeuka alipozungumza. "Nishike," akasema. Nikamsogelea. Akaweka vidole kwenye kile kinundu. "Hapa tu usiniguse." Nikamshika kwa chini, makwapani, akajilaza kifuani kwangu akatapika kwenye mikono yangu, tukakaa hivyo mpaka Bi Dama alipotukuta.

Mariamu alikaa nasi miezi mitatu. Hatukuwa marafiki. Alinisalimia, nikamwitikia, na mara moja alinipa nusu ya hamri lake bila kusema kitu. Alipotoka alikwenda kwa shangazi yake Changamwe, nikasikia amepata kazi ya kufunga maboksi kiwandani, kisha nikasikia ameiacha, kisha sikusikia tena. Nimekutana na wengi wanaofanana naye kwa nyuma kwenye foleni ya feri Likoni, na kila mara nimeharakisha kuona uso. Siwezi kukuambia kwamba alipona. Naweza kukuambia kwamba adhuhuri ile hakuumia zaidi ya alivyokuwa ameshajiumiza.

Alhamisi ya wiki ile nilipanda ngazi za Mlaleo mbilimbili. Mdomo ulikuwa bado umevimba. Nilimngoja mwalimu amalize na wengine, nikamweleza yote: ukuta, maji, kinundu, jinsi nilivyomfuata badala ya kumbana. Nilijisikia mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule, nikangoja aniambie hongera. Alikuwa akifunga mkanda wake, hakuniangalia. "Alipiga kiganja mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

"Nawe uliachia ya ngapi?"

Nilitaka kumwambia palikuwa na ukuta, palikuwa na damu, mtu yeyote angesita. Nikasema kweli. "Ya pili, mwalimu."

Alikaza fundo la mkanda, akaingia kwenye turubai, akanipigia paja lake kuniita. "Basi tufanye kazi," akasema. "Siku nyingine uachie ya kwanza."